Istilahi za ufundi zipimwe mezani pa fundi, si kwenye kamusi pekee

Kuna tafsiri mbaya inayomkosesha msomaji raha, na kuna tafsiri mbaya inayoweza kumkosesha msomaji mguu. Ile ya kwanza tumeijadili sana, hasa sisi tunaofundisha fasihi. Tumeandika tasnifu na makala kuhusu riwaya zilizopoteza ladha zilipovushwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Hii ya pili hatuigusi, labda kwa kuwa haina jina la mwandishi wala picha kwenye jalada. Leo ninanuia kuigusa. Mfano wangu ni mdogo, waweza kuutia mfukoni: kijikaratasi cha maelezo kinachofungwa pamoja na cheni mpya ya msumeno wa injini, ile mashine ambayo wengi wetu tunaiita pawaso.

Vijikaratasi vitatu vya aina hiyo niliviletewa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anafunza katika chuo cha kiufundi. Aliniomba nimsaidie kuamua ni kipi kati ya hivyo angewapa wanagenzi wake wasome. Nilivisoma kama ninavyosoma diwani: mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kalamu mkononi, na mara ya tatu nikiwa na cheni yenyewe mezani. Sitazitaja kampuni zilizovitoa, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si za kampuni moja. Ni kasoro za namna tunavyotafsiri mambo ya ufundi kwa jumla.

Kwa nini pawaso? Kwa sababu mashine hii imeenea. Ukisafiri kutoka Nakuru hadi Eldoret, utaisikia kabla ya kuiona. Inaangusha mikaratusi, inapasua mbao, inakata kuni za shule na nguzo za ua. Mara nyingi anayeitumia si mwenye mashine. Ameikodi au ameajiriwa kwa siku. Tena, cheni ndiyo sehemu inayokwisha mapema. Injini yaweza kudumu miaka mingi, na kile kipande kirefu bapa kinachoibeba cheni hudumu kuliko cheni kadhaa. Basi mtu hununua cheni mara kwa mara, na kila anaponunua hana budi kuilinganisha na mashine yake. Hapo ndipo lugha inapoingia kazini.

Vipimo vitatu

Kabla ya kuikosoa tafsiri, sharti tuelewane kuhusu kinachotafsiriwa. Cheni ya pawaso ina vipande vya aina tatu. Kuna vile vyenye makali, vinavyokata mti. Kuna vile vyenye ncha iliyochongoka, ambavyo huingia ndani ya mfereji wa kile kipande bapa na kushikwa na meno ya sproketi, yaani gurudumu dogo la injini linaloivuta cheni. Kisha kuna vile vya pembeni ambavyo kazi yake ni kuviunganisha hivyo vingine. Vyote hushikamanishwa kwa ribiti.

Ili cheni mpya ikubaliane na mashine, vipimo vitatu lazima vioane. Cha kwanza ni umbali kati ya ribiti na ribiti. Kwa kuwa ribiti hazikuachana kwa nafasi sawa kote, fundi hupima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha akagawa kwa mbili. Akipata robo tatu ya inchi, cheni hiyo ni ya 3/8. Akipata inchi 0.650, cheni hiyo ni ya 0.325. Kipimo hiki lazima kilingane na sproketi ya injini, na pia na kigurudumu kilicho kwenye ncha ya kipande bapa, kama kipo. Visipolingana, cheni hurukaruka, hula sproketi na hatimaye yaweza kukatika.

Cha pili ni unene wa vile vipande vinavyoingia kwenye mfereji. Vipimo vya kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Kwa inchi huandikwa 0.043, 0.050, 0.058 na 0.063. Cheni nene kuliko mfereji haiingii kabisa. Iliyo nyembamba kuliko mfereji huingia vizuri sana, na hapo ndipo penye hatari, maana mnunuzi hudhani amepata. Kumbe cheni hiyo itayumba huku na huku, itakata upogo, na yaweza kuchomoka ikiwa kazini.

Cha tatu ni idadi ya vipande hivyohivyo vya mferejini. Vikizidi, cheni italegea hata uikaze vipi. Vikipungua, haitazunguka. Angalia kwamba urefu peke yake hautoshi. Mashine yenye kipande bapa cha inchi 20 inayotumia cheni ya 3/8 mara nyingi huhitaji vipande 72. Nyingine ya inchi 20 hizohizo, lakini inayotumia ya 0.325, yaweza kuhitaji 78 au 80.

Aghalabu vipimo hivi huchapwa kwenye kipande bapa chenyewe, karibu na pale kinapofungwa kwenye mashine. Tarakimu hazihitaji tafsiri. Kinachohitaji tafsiri ni jina la kila tarakimu. Hebu sasa tuone vijikaratasi vyetu viliyafanyaje majina hayo.

Lami, dereva na baa

Kijikaratasi cha kwanza kinaita kile kipimo cha ribiti "lami ya cheni". Msomaji atajiuliza lami imetoka wapi, barabara ya nani inajengwa? Jibu ni rahisi. Neno la Kiingereza 'pitch' lina maana nyingi: lami, uwanja wa kandanda, kiwango cha sauti, na umbali kati ya jino na jino katika mambo ya mitambo. Mtafsiri, au programu iliyotafsiri kwa niaba yake, ilichukua maana ya kwanza iliyoikuta. Tushukuru haikuchukua uwanja.

Vile vipande vya mferejini vinaitwa "viungo vya dereva". Neno 'kiungo' tayari limeelemewa na mizigo. Ni sehemu ya mwili, ni kikolezo cha mchuzi, ni mchezaji wa katikati, na siku hizi ni anwani unayobofya kwenye simu. Kulipachika 'dereva' nyuma yake ni kumfanya msomaji awaze habari za ajali barabarani. Nacho kile kipande bapa kinaitwa "baa ya mwongozo". Kwa Mkenya, baa ni mahali pa kunywea, na kwa Mswahili yeyote baa pia ni janga: baa la njaa, baa la nzige. Mwongozo nao, kwa kijana aliyetoka shule juzi, ni kile kitabu alichokisoma usiku wa kuamkia mtihani wa fasihi. Hakuna hata moja kati ya picha hizi inayomwonyesha chuma kirefu chenye mfereji.

Haya yanachekesha, nami nilicheka. Hata hivyo, tafsiri ya kuchekesha ina nafuu moja: inajitangaza. Msomaji akiona "lami" anajua papo hapo kwamba pameharibika, anaiweka karatasi kando na kumtafuta mjuzi. Kinachonitia hofu zaidi ni kijikaratasi cha pili, ambacho Kiswahili chake ni safi, sarufi imenyooka, upatanisho wa ngeli hauna doa. Mwalimu wa lugha angekipa alama nyingi. Lakini chuma kingekinyima.

Tazama. Kijikaratasi hicho kinatumia neno 'meno' kwa makali ya juu yanayokata mti, halafu aya mbili mbele kinatumia 'meno' hayohayo kwa vile vipande vya mferejini. Kisha kinamshauri mnunuzi ahesabu meno ya cheni yake ya zamani kabla ya kwenda dukani. Ahesabu yapi? Katika cheni ya kawaida, kwa kila vipande viwili vya mferejini kuna kipande kimoja chenye makali. Cheni ya vipande 72 ina makali 36. Msomaji makini kabisa, anayefuata maagizo kwa uaminifu, atakwenda dukani na 36 kichwani, na kwenye boksi ataona 72. Hapo ataamua kwamba boksi lina makosa au yeye ndiye mjinga. Ukweli ni kwamba si boksi wala si yeye.

Kasoro ya pili ya kijikaratasi hicho ni neno 'kipimo'. Kwenye orodha ya sifa za cheni, mstari mmoja unasema kipimo ni 1.5. Kipimo cha nini? Sifa zote tatu ni vipimo! Kulitumia jina la jumla kwa sifa moja mahsusi ni kama kumwita mmoja wa watoto wako watatu 'Mtoto', kisha ukashangaa wote watatu wanapoitika.

Ya tatu ni ndogo kwa macho lakini ndiyo iliyonikosesha usingizi. Msomaji anaagizwa kuivisha cheni "makali yakitazama mbele". Sote tunaujua ule usemi wa sheria kuwa msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huo haukuitungia pawaso. Cheni hii hukata upande mmoja tu. Ukiigeuza itasugua mti na kutoa moshi bila kukata. Tena cheni ni mzunguko. Makali yaliyo juu ya kile kipande bapa yakitazama mbele, yaliyo chini yanatazama nyuma, kwenye mashine. Agizo lisilosema "yaliyo juu" limesema nusu, na nusu ya pili msomaji ataijaza kwa bahati. Maneno mawili tu yangelimaliza jambo: "makali ya upande wa juu".

Kijikaratasi cha tatu nitakisema kwa ufupi: kimeandikwa Kiingereza kitupu, isipokuwa kichwa. Mtoaji wake alitosheka kutukaribisha kwa Kiswahili mlangoni, halafu akatuacha hapohapo.

Mafundi wanasemaje?

Baada ya kusoma, nilikwenda katika karakana moja mjini Eldoret kusikiliza. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa sita. Wateja walikuja wanane au tisa. Karibu wote walianza vilevile: "Nipe cheni ya inchi ishirini." Naye muuzaji, kijana wa makamo ya kitukuu wa kwanza wa babangu, alikuwa na swali lake moja: "Ya meno ngapi?"

Nikamwuliza, "Fundi, ukisema meno unamaanisha yapi?"

"Ya chini, Prof. Yale yanaingia ndani ya upanga."

"Na mteja akikuhesabia ya juu?"

Akacheka. "Wengi huhesabu ya juu. Ndio maana mimi huwaambia, wewe leta hiyo cheni ya zamani. Tutaziweka pamoja, zikilingana unaenda."

Mazungumzo haya mafupi yalinifunza mambo mawili. Kwanza, mafundi wanayo lugha. Kile kipande bapa ambacho mtafsiri alikiita "baa ya mwongozo", wengine pale walikiita 'ba' na wengine 'upanga'. Neno upanga ni zuri. Lina sura ya kitu, ni fupi, na kila Mswahili analo. Pili, lugha yao haijakamilika kwa kazi ya kuandikwa. Inategemea cheni ya zamani iwe mezani, kidole kiwe juu yake, na fundi awe karibu. 'Meno ya chini' yanaeleweka unapoonyeshwa. Kwenye karatasi, au kwa simu kwa mtu aliye Kapsowar anayemwagiza dereva wa matatu amletee cheni kutoka mjini, hayaeleweki. Kwani hata hayo ya 'chini' huwa juu yanapopita upande wa pili wa upanga.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaosema tuyachukue maneno ya mtaani yalivyo, tuyaandike, kazi iishe. Wala siwaungi mkono wenzangu wa vyuoni wanaokaa kitako kwenye warsha hotelini na kuunda istilahi mia tatu kwa siku tatu, bila hata moja kati ya hizo kukutana na grisi. Kati ya fundi na mwanaisimu pana kazi ambayo hakuna mmoja wao aliyeifanya.

Hoja ya "tuache tu Kiingereza"

Najua kuna msomaji ambaye amekwisha kuuliza: haya yote ya nini, Profesa? Si waache tu maneno ya Kiingereza? Fundi hawezi kukosa kuyazoea.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami siikatai kwa jumla. Kiswahili kimekopa spana, skrubu, gia, breki, klachi na pancha, na hakuna aliyekufa. Sproketi nimeitumia humu bila haya. Lakini kukopa neno si sawa na kuliacha ng'ambo. Tulipokopa 'breki' tulikopa pia maana yake. Kila dereva na kila utingo anajua breki ni nini na hufanya nini. Kwa upande wa vipimo vya cheni, maneno ya Kiingereza yapo kwenye boksi lakini maana yake haijavuka. Wale wateja wanane au tisa wangeweza kuisoma tarakimu 0.058, hakuna aliyeitaja.

Tena kuna mtego ambao tarakimu peke yake haziwezi kuutegua. Cheni ya 3/8 zipo za namna mbili: ile ya kawaida, na ile ya kimo kifupi inayotengenezewa mashine ndogo. Zote mbili zimeandikwa 3/8, lakini haziwezi kubadilishana. Anayetaka kuzitofautisha anahitaji maneno, na anahitaji maneno anayoyaelewa. Hata tupa ya kunolea inafuata tofauti hiyo: kwa kawaida ile fupi hutaka tupa ya duara ya milimita 4.0, na ile ya kawaida hutaka ya 5.2. Kosa la neno moja dukani huendelea kuishi kila jioni cheni inaponolewa.

Zaidi ya hayo, hili si suala la ukarimu wa wafanyabiashara. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hiyo, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha uniambie kama karatasi inayozungumzia lami ya cheni imetimiza haki ya mtu. Habari isiyoeleweka haijatolewa.

Pendekezo

Mhakiki anayebomoa bila kujenga ni mharibifu tu, kwa hivyo nitatoa pendekezo langu lijadiliwe. Wanafunzi wa istilahi wanavifahamu vigezo vilivyopendekezwa na Kiingi, vile vinavyojulikana kwa ufupisho wa PEGITOSCA. Miongoni mwake ni usahihi, ufupi, uwezo wa neno kuzaa mengine, uwazi na kukubalika. Nikivitumia hivyo, ninapata haya.

Mashine yenyewe iitwe msumeno wa injini, au pawaso katika mazungumzo. Tuachane na 'msumeno wa umeme' tunapozungumzia mashine inayokunywa petroli. Hilo nalo ni tunda la kutafsiri neno pasi na kukitazama kitu.

Kile kipande bapa kiitwe upanga wa msumeno. Wapo watakaosema kwamba wingi wake utagongana na lile panga la kufyekea ambalo mkata miti analo pia. Ndiyo sababu ninasisitiza jina kamili katika maandishi.

Kila kipande cha cheni kiitwe pingili. Pingili tunazijua kwenye muwa na mwanzi, na walimu wa biolojia wamezipeleka kwenye uti wa mgongo. Ni neno linaloonyesha vipande vilivyofuatana na kushikana, na halina mzigo wa mchuzi wala kandanda. Tena linazaa: pingili ya makali, pingili ya mfereji, na pingili ya kuungia. Msomaji aliyeambiwa ahesabu pingili za mfereji hatahesabu za makali, na hatajali kama ziko juu au chini.

Kipimo cha ribiti kiitwe hatua. Wafaransa hutumia neno lao la 'hatua' kwa jambo hilohilo, katika cheni na hata katika skrubu. Nasi twaweza kufika huko kwa akili yetu wenyewe, maana cheni hupita juu ya sproketi hatua kwa hatua, kila jino likikanyaga nafasi yake. Hatua ya mashine na hatua ya cheni zisipolingana, mmoja atamkanyaga mwenzake. Kipimo cha pili kiitwe unene wa pingili, na kwa upande wa upanga, upana wa mfereji. Cha tatu kiwe idadi ya pingili za mfereji, bila ufupisho.

Sasa fikiria mtu yuko kwenye simu: "Nataka cheni ya hatua 3/8, ya kimo cha kawaida, unene 1.5, pingili za mfereji 72." Hana haja ya kubeba cheni ya zamani kwenye gunia. Mwuzaji hana haja ya kukisia. Sidai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Mafundi wakiyakataa yatakufa, na watakuwa na haki ya kuyaua. Ninachodai ni kwamba kila jina lishike kitu kimoja, na lisiachie.

Tazama kwanza, taja baadaye

Kwa jumla, kasoro za vijikaratasi hivi zina mzizi mmoja. Waliovitafsiri waliyatazama maneno, hawakukitazama kitu. Jambo hili linanikumbusha namna cheni ya kisasa ilivyopatikana. Mnamo 1946, Joseph Cox, mkata miti katika jimbo la Oregon nchini Marekani, alimwona buu akitafuna kisiki. Cheni za wakati huo zilikuwa na meno ya kukwaruza, yaliyochoka upesi na kuhitaji kunolewa kila mara. Buu yule alikuwa akiutafuna mti bila taabu, kushoto na kulia, kwa taya mbili zilizopinda. Cox aliyachunguza mataya hayo, akatengeneza chuma mfano wake, na mwaka uliofuata akaanza kuuza cheni. Makali yaliyopinda kushoto na kulia, unayoyaona leo kwenye pawaso yoyote, yametokana na mtu aliyekubali kuinama na kutazama mdudu.

Mabaharia wetu wa pwani walikuwa na jicho hilohilo. Neno usukani lilikuwa la jahazi kabla halijawa la motokaa. Aliyelihamisha alitazama gari, akaona kile kinachoshikwa kwa mkono ili kukipa chombo mwelekeo, akakipa jina alilokuwa nalo tayari. Maseremala nao walitupa tupa, patasi, randa, tezo na keekee. Kila moja lina umbo lake mkononi. Hakuna aliyehitaji kijikaratasi kumweleza maana ya tezo.

Basi ninapendekeza mtihani mwepesi kwa yeyote atakayelipwa kutafsiri maelezo ya kifaa, awe mtu au awe na programu ya kumsaidia. Akimaliza, ampe karatasi hiyo kijana ambaye hajawahi kuivisha cheni. Mezani pawe na upanga mmoja na cheni nne zinazofanana kwa macho, ambazo moja tu ndiyo inayoukubali upanga huo. Mashine iwe imezimwa. Mtafsiri akae kando, asiseme neno. Kijana akichagua iliyo sahihi, na kuivisha makali yake yakitazama kunakotakikana, mtafsiri alipwe. Akishindwa, mtafsiri arudi mezani na kalamu yake.

Idara zetu za Kiswahili zaweza kuufanya mtihani huu kuwa sehemu ya kozi za tafsiri, kwa ushirikiano na vyuo vya kiufundi ambavyo mara nyingi viko ng'ambo ya barabara tu. Wanafunzi wetu wamechoka kutafsiri aya zilezile za hotuba. Mwanafunzi wangu wa zamani nimemshauri asiwape wanagenzi wake hata kimoja kati ya vile vijikaratasi vitatu. Awape cheni, upanga na rula, waandike chao. Kitakapokuwa tayari, nitakisoma kwa kalamu ileile niliyovisomea hivi.